Uliza Nani Alishika Kisu

Kila msimu wa fomu za kusomea udaktari bingwa ukifika, geti langu hapa Kawempe halipumziki. Mnakuja wawili wawili, viatu vimejaa vumbi jekundu la njia ya kwangu, mkononi bahasha ya vyeti na kifuko cha ndizi za kunibembeleza. Mnaketi. Mnakunywa chai. Mnayasifu maua yangu, ambayo wengine wenu hata hamjayatazama. Kisha mmoja anakohoa kidogo na kusema, "Sista Rhoda, tuchague hospitali gani?"

Mimi si daktari, wanangu. Nilizaliwa Taita, nikaletwa Kampala na ndoa. Mume wangu alifungua duka la vipuri Kisenyi, nami nikapanda mlima mmoja wa jiji hili kuomba kazi niliyoijua, unesi wa chumba cha upasuaji. Nikakaa huko miaka thelathini na mmoja. Nilihesabu shashi, nilipitisha mikasi, nilijaza daftari. Lakini madaktari wanaosomea ubingwa nimewaona wakiingia hawajui waweke wapi mikono yao, na miaka kadhaa baadaye nimewaona wakitoka wakiwa watu ambao ningewaachia tumbo langu mwenyewe. Wapo pia ambao nisingewaachia hata ukucha. Tofauti hiyo inatoka wapi, nadhani ninajua, na kuna sehemu yake niliyoisababisha mimi kwa kalamu yangu. Nimeamua kuiandika ili mnaokuja mwakani mkute majibu tayari, na kopo langu la sukari lipate nafuu.

Kwanza niwaambie habari za Daktari Mugisha. Alichagua upasuaji wa kichwa kwa sababu mjomba wake alimwambia kwamba huko ndiko kuliko heshima. Mikono alikuwa nayo. Alichokosa ni hamu. Saa ya tatu ya upasuaji ungemwona macho yametulia mahali pasipo na kitu, kama abiria. Siku moja, katikati ya kazi mbili, nilimkuta koridoni amechuchumaa mbele ya mzee mmoja, anaugeuza mkono wa mzee huyo huku na huko kwenye mwanga wa dirisha, anachunguza vipele kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

"Daktari," nilimwambia, "moyo wako uko hapa, kichwani kule umeenda kutembea tu."

Hakusema nami mwezi mzima. Leo ni daktari wa ngozi, foleni yake inafika barabarani, na kila Krismasi ananiletea mafuta ya kupaka.

Ndiyo maana mkiniuliza hospitali ipi ni nzuri, nami nawauliza, nzuri kwa kazi gani? Jifikirie baada ya miaka kumi, siku ya Jumanne. Usijifikirie siku ya kupewa cheti wala siku ya kupiga picha na mama. Chukua Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha, wagonjwa wamejaa benchi. Unafanya nini? Uko wapi? Ukishapaona mahali hapo, rudi nyuma utafute nani atakufundisha kufika. Anayetaka kuona magonjwa adimu, kuandika tafiti na kufundisha chuo kikuu, aende kwenye ile hospitali kubwa inayojulikana na kila mtu. Ni nzuri, nimepeleka watoto wa watu huko na wameshukuru. Anayetaka kushika kila kinachoingia mlangoni, kuanzia ngiri hadi mama aliyekwama kujifungua, hospitali ndogo yenye wagonjwa wengi na walimu wachache wenye subira inaweza kumfaa zaidi. Na mwenye mtoto mchanga apime pia umbali wa kutoka kitandani mpaka wodini. Hakuna aibu katika hilo.

Halafu nenda ukaone. Kaa koridoni asubuhi wakati wa kuzungukia wagonjwa. Daktari mdogo akikosea jibu, angalia mkubwa anafanya nini. Akimcheka mbele ya mgonjwa, panda boda urudi nyumbani. Waulize manesi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hula chakula cha mchana na nani. Wapigie simu waliomaliza, usikilize sauti kabla ya maneno.

Na mwisho, nilizoea kusema, omba kuliona daftari la upasuaji. Katika kila chumba cha upasuaji kuna daftari kubwa lenye safu: tarehe, mgonjwa, kazi iliyofanywa, mpasuaji, msaidizi. Soma safu ya nne, ya mpasuaji. Ukikuta majina ya wanafunzi huko, basi wanafundishwa. Ukiwakuta wote safu ya tano, ujue wanashika ritrakta tu, kile chuma cha kuvuta kingo za jeraha ili mwenzako aone anachokata. Niliwaambia wengi hivyo. Nilisema mdomo unaweza kupamba, daftari halipambi.

Nilisema hayo na kulirudia daftari langu, nikaendelea kulipamba.

Sasa niwaeleze juu ya Sista Perepetua. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Muganda wa kizamani, mwanamke ambaye angempigia magoti mkubwa akimsalimu hata kama amebeba trei ya vyombo, na hakuna hata koleo moja ambalo lingetikisika. Wiki yangu ya kwanza daktari mmoja kijana alitoa kidole tumbo, bosi wake akiwa amesimama upande wa pili anamwelekeza. Nikaandika jina la kijana kwenye safu ya nne. Sista Perepetua akaja, akasoma, akaniita.

"Mkubwa alikuwa nani humu ndani?"

Nikamtaja.

"Basi huyo ndiye mpasuaji. Kalamu nayo ina magoti, Rhoda."

Nililipenda neno hilo. Nilikuwa mgeni, nataka kujifunza adabu za watu, na ile niliiona adabu nzuri. Kuanzia siku hiyo kalamu yangu ilipiga magoti. Miaka ikapita, Sista Perepetua akastaafu, nikachukua kiti chake, na kufikia hapo sikukumbuka tena kwamba ninachoandika si kile kilichotokea. Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo hata kama jino linakuuma, na hakuna anayekuita mwongo. Safu ya nne ilikuwa salamu ya namna hiyo.

Ndipo, Jumatatu moja, akaja Daktari Apio kuitazama hospitali yetu kabla ya kujaza fomu.

Alikuwa binti wa kambi ya polisi. Baba yake sajini kutoka kaskazini, wa kabila la Lango, mtu wa kanisani. Mama yake Mnubi, Mwislamu, muuza nguo katika soko la Owino. Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo wazazi hao walielewana kwayo, kwa hiyo ndiyo lugha aliyonyonya. Hospitalini kwetu watu walisema Kiganda na Kiingereza, na aliponisikia nikimgombeza mtu wa usafi kwa Kiswahili changu cha Taita, alinifuata kama aliyesikia redio ya kwao.

"Sista, mimi sitaki jina kubwa," aliniambia siku ile ya Jumatatu. "Mimi nataka mikono. Kule kwetu hospitali iko, taa iko, kitanda ya kupasua iko. Mtu wa kupasua hakuna. Shangazi yangu utumbo ilijisokota, wakamuweka kwa gari wampeleke mbali. Hakufika."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja anwani anayokwenda. Huyo hakuhitaji kufundishwa kuifikiria Jumanne yake. Alikuwa na mahali pawili pa kuchagua, hospitali ile kubwa na yetu, na fomu ilikuwa moja tu ya kupeleka kabla ya Ijumaa. Nikamtolea daftari, nikaufunika upande wa majina ya wagonjwa kwa kipande cha boksi kama ilivyo desturi yangu, nikamwachia. Alisoma saa nzima, kidole kinashuka safu, kinapanda, kinashuka. Kisha akalifunga, akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Nikajisemea, huyu ni wetu.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda Owino kumtafutia mjukuu sweta. Nimeinama kwenye lundo, nasikia, "Sista!" Kuinua uso, ni Apio, amekaa kando ya mama yake juu ya marobota, anakunja suruali za watoto kwa vidole vyepesi ambavyo nilivitamani mara moja.

"Fomu umepeleka?" nikamuuliza.

"Kesho ndiyo mwisho, saa kumi na moja. Nimejaza ile hospitali ingine."

Sikuwa na haki ya kuumia, lakini niliumia. Mama yake akadakia, "Mimi nimemwambia, kama ni kushika tu, ashike nguo hapa kwangu. Angalau wateja watasema asante."

"Kushika nini?"

Apio akaiweka suruali chini. "Usikasirike, Sista. Nimesoma miezi sita yote. Mpasuaji, Ssali. Mpasuaji, Ssali. Mpasuaji, Ssali. Hawa wanaosoma wote ni wasaidizi. Nitavuta tumbo ya watu mpaka nimalize, halafu niende kule peke yangu na kisu ambayo sijashika?"

Daktari Ssali alikuwa mkuu wetu wa upasuaji. Nikasema, "Lakini wanapasua. Karibu kila siku wanapasua wao. Ungewauliza."

"Niliuliza huyo Wasswa, anayesoma kwenu. Akasema anapasua. Sasa yeye ni mtu wenu, atasema nini? Si wewe ndiye ulisema mdomo inapamba, kitabu haipambi?"

Nilisimama pale na sweta mkononi, mkono mmoja wa sweta mrefu kuliko mwingine. Nikamweleza. Nikamweleza habari za Sista Perepetua, na magoti, na safu ya nne. Wateja wawili wakaacha kuchagua ili wasikilize.

Mama yake akaangua kicheko cha taratibu. "Kumbe hospitali pia iko na bosi anayefanya kazi yote peke yake."

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima ya nani? Huyo mwenye amefanya kazi, yake iko wapi?"

Apio alikuwa ananitazama kwa makini, namna daktari anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi.

"Labda unasema hivi kwa sababu unanitaka kwenu," akasema.

"Nakutaka, ndiyo. Kwa hiyo usiniamini. Njoo kesho saa mbili asubuhi usimame kwenye kona uone kwa macho yako. Na uje na fomu."

Nikanunua lile sweta bovu kwa haya tu.

Mtanielewa nikisema kwamba kilichonitisha si Apio. Daftari lile halikamiliki mpaka mkuu atie sahihi kila baada ya kazi, na Daktari Ssali alikuwa mtu wa tai iliyonyooka na maneno machache. Kumtoa kwenye safu yake mbele ya mgeni, baada ya miaka kumi na tisa ya kumwandika huko, nilikuona kama kumvua koti hadharani. Nilipokuwa napiga pasi sare yangu nilijaribu sentensi tatu za kumwambia, na zote zilianza na samahani.

Ijumaa ilikuwa ngiri, ya mzee mmoja muuza mkaa. Wasswa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alisimama upande wa kulia wa mgonjwa, upande wa mpasuaji. Ssali akasimama kushoto na kushika ritrakta. Apio alikuwa juu ya kijibao kwenye kona, macho tu juu ya barakoa. Kazi ikaenda vizuri mpaka mshipa mdogo ukatoboka na damu ikajaa shimo. Hapo niliuona mkono wa Ssali ukiruka. Ulitoka, ukasimama hewani juu ya jeraha kama unaita kisu, halafu ukarudi kwenye ritrakta.

"Uko hapo chini," akamwambia tu kwa Kiganda. "Usikimbie. Utafute."

Wasswa akautafuta, akaubana, akaufunga. Nimefanya kazi ile miaka yote na sijaona namna bora ya kuwaeleza kufundisha ni nini kuliko mkono ule uliorudi. Mkienda kuchagua mahali, utafuteni.

Nikahesabu shashi, zikatimia. Nikaenda kwenye meza ya daftari. Tarehe. Mgonjwa. Ngiri. Kalamu ikafika safu ya nne na kugoma. Niliandika Wasswa kwa mwandiko mbaya hata likaonekana jina la mtu ambaye bado hajazaliwa. Kwenye safu ya tano nikaandika Ssali.

Akaja kutia sahihi, akainua miwani. Apio alikuwa nyuma yake anavua barakoa, Wasswa anakunywa maji. Ssali akasoma. Lazima mjue kwamba alikuwa Muganda wa rika lile linalokiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi za askari. Alinisemesha Kiswahili akitania au akikasirika, basi. Alipoanza, sikujua ni lipi kati ya hayo mawili.

"Sista. Leo umeniweka nyuma ya mutoto."

Samahani zangu zote tatu zikapotea. "Ndivyo ilivyokuwa, Daktari."

"Na jana?"

"Jana pia ndivyo ilivyokuwa. Sikuandika tu."

Akashusha miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akachukua muda mrefu kwa vioo vilivyokuwa safi.

"Mimi siku ya kupasua mara ya kwanza," akasema, "Perepetua aliandika jina ya bosi yangu. Nikaenda nyumbani, mama amepika matooke, sikukula. Nilianza kufikiri labda kweri sikufanya."

"Sasa mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilijua ni sheria yenu masista. Nani anabishana na ninyi?"

Mimi nilidhani anaitaka yeye. Yeye alidhani tunaitaka sisi. Aliinama akatia sahihi, na alikandamiza kalamu hata ikaacha alama kwenye kurasa mbili za chini. Wasswa, mtu mzima mwenye ndevu, akatoa simu, akaufunika upande wa mgonjwa kwa kidole gumba, akalipiga picha jina lake.

"Namtumia mama," akasema, hakumtazama mtu.

Apio akamsogelea. "Utumbo ikijisokota, hapa anapasua nani?"

"Mimi, wiki mbili zilizopita. Nilitetemeka mpaka Sista akanipiga teke chini ya meza."

Ni kweli nilimpiga.

"Na mzee Ssali alikuwa wapi?"

"Mbele yangu. Anavuta."

Apio akafungua mkoba, akatoa fomu iliyojazwa, akaikunja mara nne. Akatoa nyingine tupu. Kumbe alikuja nazo mbili. Akanyoosha mkono kwangu.

"Nisaidie kalamu, Sista. Leo inaandika vizuri?"

"Leo iko sawa," nikasema.

Akaijaza palepale juu ya meza ya daftari, akateremka mlima kwa boda, na kabla ya saa kumi na moja ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Wameipokea." Akawa mwanafunzi wetu, na nilimpiga mateke mawili tu kwa muda wote aliokuwa nasi.

Kurasa za nyuma sikuzigusa, daftari la upasuaji halifutwi. Ziko kabatini mpaka leo, miaka kumi na tisa ya salamu. Wakati mwingine ninapomwagilia maua nawafikiria wale waliolisoma kabla ya Apio, wakanishukuru kwa mikono miwili na kushuka mlima. Sijui ni wangapi. Natumaini walikokwenda pia kulikuwa na mkono uliorudi. Ndiyo maana ushauri wangu umebadilika kidogo. Someni daftari, lakini ulizeni nani hulijaza, na anamwogopa nani. Kisha ombeni kusimama kwenye kona saa moja tu, mtazame mtu na mikono yake.

Apio yuko kaskazini sasa, kwenye ile hospitali yenye taa na kitanda. Miezi kadhaa iliyopita walianza kupokea madaktari wanaojifunza. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lao, upande wa wagonjwa umefunikwa kwa kipande cha boksi. Chini ameandika: "Sista, mwandiko ya nesi yangu inashinda yako."

Nilimjibu kwamba ni kweli, unaushinda wangu kwa mbali. Sikumwambia kwamba niliivuta picha ile kwa vidole viwili, nikalipita jina moja geni lililokaa safu ya nne, nikaendelea kuvuta mpaka jina la Apio likajaa kioo chote, pale kwenye safu ya tano, kwa msaidizi.